Nyonga au goti bandia si sababu ya kumeza antibaiotiki kabla ya kung'oa jino

Mtu aliyebadilishiwa nyonga au goti hupewa maelekezo mengi siku anaporuhusiwa kutoka hospitalini: namna ya kuketi, namna ya kupanda ngazi, tarehe ya kutoa nyuzi, dawa ya kuzuia damu kuganda na mazoezi ya kila siku. Miezi au miaka baadaye jino linapomuuma na akafika kwenye kliniki ya kinywa na meno, huibuka suala ambalo pengine halikuzungumzwa siku ile. Je, anapaswa kumeza antibaiotiki kabla daktari hajagusa fizi, ili bakteria wa kinywani wasiingie katika damu na kwenda kutua kwenye kiungo chake kipya?

Jibu linalokubalika sasa katika taaluma ya mifupa na ile ya meno ni kwamba, kwa watu walio wengi, hakuna haja. Kuwa na nyonga au goti bandia, peke yake, si sababu ya kutumia antibaiotiki ya kinga kabla ya kung'oa jino, kuondoa ugaga, kuziba jino au kutibu mzizi wake. Wapo wachache ambao hali zao zinahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee, na maelezo yao yanafuata hapa chini. Hata kwao, uamuzi ni wa daktari wa mifupa anayewafahamu, si wa mgonjwa mwenyewe wala wa muuzaji wa duka la dawa.

Suala hili linaweza kuonekana dogo, lakini mgonjwa asiyelielewa huumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua vidonge vya antibaiotiki bila cheti na kuvimeza kwa kukisia: viwili asubuhi, viwili jioni, vingine vikabaki kabatini kwa ajili ya siku nyingine. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni kuahirisha matibabu ya jino. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji Dar es Salaam na anayeishi mkoa wa mbali huweza kukaa wiki kadhaa na jino bovu akisubiri kibali cha daktari aliyempasua, ilhali usaha unaendelea kujikusanya chini ya jino hilo. Usaha huo ndio chanzo halisi cha bakteria anaowaogopa.

Ni vema kueleza kwanza ni akina nani wanaohusika. Anayezungumziwa hapa si mtu mwenye mguu bandia unaovaliwa nje ya mwili, bali ni yule ambaye kiungo chake cha ndani kimeondolewa na mahali pake kuwekwa kingine cha chuma, plastiki ngumu au kauri. Upasuaji huo hufanyika hapa nchini, ikiwa ni pamoja na katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI). Wengi wanaouhitaji ni wazee ambao gegedu la goti au nyonga limelika. Wengine ni watu waliovunjika shingo ya paja kwa kuanguka. Kundi jingine, ambalo husahaulika kwa kuwa watu huhusisha nyonga bandia na uzee, ni vijana wenye ugonjwa wa selimundu. Kwao damu hushindwa kufika vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa ukiwa hai mwilini, na kijana wa miaka 20 au 30 akajikuta hawezi kutembea bila maumivu.

Hofu ya maambukizi katika kiungo bandia si ya kubeza. Chuma na plastiki havina mishipa ya damu, hivyo chembe za kinga za mwili haziwezi kuvifikia kama zinavyofika kwenye nyama. Bakteria wakishajishika juu ya chuma hutengeneza utando mwembamba unaowafunika kama ukungu unavyofunika jiwe lenye unyevu, na ndani ya utando huo dawa huwafikia kwa shida. Mara nyingi tiba yake huwa ni kufungua tena, kusafisha na pengine kung'oa kiungo chote, mgonjwa akapewa antibaiotiki kwa wiki kadhaa kabla ya kuwekewa kingine. Ni tiba ndefu na ya gharama kubwa, na baadhi ya wagonjwa hawarudi kutembea kama walivyotembea baada ya upasuaji wa kwanza. Kati ya watu 100 wanaobadilishiwa nyonga au goti kwa mara ya kwanza, mmoja au wawili hupatwa na maambukizi hayo wakati fulani.

Daktari John Charnley, aliyeasisi upasuaji wa kisasa wa nyonga katika Hospitali ya Wrightington nchini Uingereza mwaka 1962, aliliona tatizo hili mapema. Alilitafutia ufumbuzi katika chumba cha upasuaji chenyewe. Alisafisha hewa inayozunguka meza ya upasuaji, akabadili mavazi ya wapasuaji, na maambukizi yakapungua sana. Somo lake lilikuwa wazi: bakteria wengi wanaoharibu kiungo bandia huingia siku ya upasuaji, kutoka kwenye ngozi na hewani. Somo hilo bado ni sahihi. Sehemu kubwa ya maambukizi haya husababishwa na bakteria wa jamii ya stafilokokasi, ambao makao yao ni ngozi na pua. Wale wa kinywani, jamii ya streptokokasi wanaoishi kwenye meno na fizi, huonekana kwa kiwango kidogo tu cha wagonjwa.

Basi desturi ya kumpa dawa kila mwenye nyonga bandia anayekwenda kwa daktari wa meno ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa iliazimwa kutoka kwenye tiba ya moyo. Madaktari walikuwa wanafahamu kwa muda mrefu kwamba bakteria wa kinywani wanaweza kushika kwenye valvu za moyo zilizoharibika. Viungo bandia vilipoanza kuenea, ilionekana ni jambo la akili kudhani kwamba hata chuma cha kwenye nyonga kinaweza kuambukizwa kwa njia hiyo hiyo. Zikachapishwa taarifa za mgonjwa mmoja mmoja aliyeng'olewa jino kisha nyonga yake ikaambukizwa. Taarifa za namna hiyo zina nguvu kubwa ya kutisha, ingawa hazithibitishi kwamba jambo la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Mtu mwenye jino bovu kiasi cha kung'olewa alikuwa na bakteria katika damu yake wiki nyingi kabla ya koleo la daktari kumgusa.

Mwenendo wa miongozo ya Marekani unaonyesha jinsi wataalamu walivyosogea huku na huko kabla ya kutulia. Mwaka 1997 chama cha wapasuaji wa mifupa na kile cha madaktari wa meno vilitoa tamko la pamoja, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2003, wakisema dawa ya kinga ifikiriwe hasa katika miaka 2 ya kwanza baada ya upasuaji na kwa wenye kinga dhaifu. Mwaka 2009 wapasuaji wa mifupa, bila wenzao wa meno, walipanua ushauri huo hadi kwa wagonjwa wote na bila kikomo cha miaka. Hoja yao ilikuwa ukubwa wa hasara pale maambukizi yanapotokea, si ushahidi kwamba dawa inayazuia. Mwaka 2012 vyama hivyo viwili vilikaa tena pamoja, vikapitia tafiti zilizokuwapo na kuwashauri madaktari wafikirie kuacha kuandika dawa hizo kwa mazoea. Jopo la madaktari wa meno likaenda hatua moja mbele mwaka 2014: kwa ujumla, antibaiotiki ya kinga haipendekezwi kwa mwenye kiungo bandia. Uingereza kwa upande wake haikuwa imeifanya kuwa desturi ya kawaida, na tofauti hiyo kati ya nchi mbili ilikuja kuwa na manufaa makubwa kwa watafiti.

Kabla ya kufika kwenye tafiti hizo, inafaa kuangalia kinachotokea kinywani siku ya kawaida isiyo na daktari wala sindano. Kinywa ni makazi ya bakteria wa mamia ya aina. Fizi iliyo nzima huwazuia wasiingie kwenye mishipa ya damu, lakini fizi iliyovimba na inayotoka damu kirahisi ni kama ukuta wenye nyufa. Mtu anapotafuna muwa au nyama choma, anapopiga mswaki au anapochokoa meno kwa kijiti, baadhi ya bakteria hao hupenya na kuingia katika damu. Hukaa humo kwa dakika chache, kisha ini, bandama na chembe nyeupe za damu huwaondoa. Hayo hutokea kila siku, na mtu hana habari.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulilipima jambo hilo kwa watu 290. Waligawanywa katika makundi matatu: waliopiga mswaki tu, waliong'olewa jino baada ya kupewa amoksisilini, na waliong'olewa jino bila dawa. Damu yao ilichukuliwa mara kadhaa kabla, wakati na baada ya tukio. Bakteria wa aina zinazojulikana kushambulia moyo walikutwa kwa asilimia 60 ya waliong'olewa jino bila dawa, asilimia 33 ya waliong'olewa baada ya kupewa dawa, na asilimia 23 ya wale waliopiga mswaki tu.

Takwimu hizo zina mambo mawili ndani yake. Kwanza, dawa ilipunguza bakteria katika damu lakini haikuwamaliza, kwani mtu 1 kati ya 3 aliyepewa dawa bado alikuwa nao. Pili, mswaki nao haukuwa mbali sana. Mtu anayepiga mswaki mara 2 kwa siku hufanya hivyo mara 730 kwa mwaka, wakati jino huenda akang'olewa mara 1 katika miaka kadhaa. Ikiwa bakteria wa kinywani wanaopita katika damu ndio wanaoharibu viungo bandia, basi hatari iko katika siku hizo nyingi za fizi mbovu, wala si katika nusu saa moja ya kliniki. Dawa ya kinga ya siku hiyo moja huacha wazi siku nyingine 364. Hakuna daktari atakayemshauri mtu ameze antibaiotiki kabla ya kila mlo.

Swali lililobaki lilikuwa kama watu wenye viungo bandia waliotibiwa meno huambukizwa kweli zaidi ya wengine. Madaktari wa Mayo Clinic, hospitali maarufu katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, walichukua wagonjwa 339 waliolazwa kwa maambukizi ya nyonga au goti bandia na kuwalinganisha na wengine 339 wenye viungo bandia visivyo na maambukizi. Wakapitia kumbukumbu za meno za makundi yote mawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba matibabu ya meno, yawe makubwa au madogo, hayakuongeza uwezekano wa kuambukizwa. Aidha, wale waliomeza antibaiotiki kabla ya matibabu hayo hawakupata nafuu yoyote kuliko wale ambao hawakumeza.

Utafiti wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, na hapa ndipo tofauti ya Uingereza ilipofaa. Kwa kuwa wagonjwa wa England hawapewi dawa ya kinga kwa kawaida, ingetarajiwa kwamba madhara ya kung'oa meno yangeonekana huko waziwazi kama yapo. Watafiti waliunganisha kumbukumbu za hospitali na za kliniki za meno za watu 9,427 waliolazwa kwa maambukizi ya kiungo bandia yaliyotokea muda mrefu baada ya upasuaji. Wakaangalia kama katika miezi 3 kabla ya kuugua watu hao walikuwa wametibiwa meno mara nyingi kuliko katika miezi iliyotangulia. Taarifa iliyotolewa mwaka 2022 ilisema hakukuwa na ongezeko hilo.

Baadhi ya wagonjwa husema kwamba, hata kama faida haijathibitishwa, kidonge kimoja hakidhuru. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa makini kwa sababu ndiyo inayoendeleza desturi hii hata pale madaktari walipokwisha kuiacha. Antibaiotiki huweza kusababisha mzio, na mzio mkali wa dawa za jamii ya pensilini, ingawa ni nadra, hubana njia ya hewa na kushusha shinikizo la damu kwa dakika chache. Kuna pia kuhara kunakosababishwa na bakteria wa utumbo waliobaki wenyewe baada ya wenzao kuuawa na dawa. Klindamaisini, iliyokuwa ikipewa wenye mzio wa pensilini kabla ya matibabu ya meno, ni mfano unaofaa kukumbukwa. Uchambuzi wa taarifa za England uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta vifo 13 kwa kila dozi milioni 1 za kinga za dawa hiyo, na mwaka 2021 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kiliiondoa kabisa katika orodha yake ya dawa za kinga kabla ya matibabu ya meno. Kwa amoksisilini uchambuzi huo haukukuta kifo, ila madhara mengine yaliyoripotiwa yalikuwa takriban 23 kwa kila dozi milioni 1.

Uwezekano huo ni mdogo, ndiyo. Lakini mtu huukubali uwezekano mdogo wa madhara pale anapopata manufaa yanayouzidi. Hapa manufaa yenyewe hayajaonekana.

Gharama kubwa zaidi haionekani kwa mgonjwa mmoja. Kila mara antibaiotiki inapotumiwa, bakteria walio dhaifu hufa na wale waliojifunza kuikwepa hubaki na kuzaliana. Hali hiyo, inayofahamika hapa nchini kama usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa au kwa kifupi UVIDA, inakadiriwa kuwa ndiyo sababu ya moja kwa moja ya vifo milioni 1.27 duniani kwa mwaka 2019 pekee. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndizo zilizobeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Tanzania ilianza kutekeleza mpango kazi wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017, na sasa inatekeleza wa pili unaoishia mwaka 2028. Kupunguza matumizi ya antibaiotiki yasiyo na sababu ya kitabibu ni miongoni mwa mambo yanayosisitizwa. Kisheria antibaiotiki ni dawa za kuuzwa kwa cheti cha daktari, ingawa kila mwananchi anafahamu kwamba sharti hilo halizingatiwi katika kila duka.

Kwa mwenye kiungo bandia, suala la usugu linamgusa kwa karibu kuliko anavyodhani. Siku ya upasuaji wake alichomwa sindano ya antibaiotiki, aghalabu sefazolini, ndani ya saa moja kabla ya ngozi kupasuliwa. Hiyo ilikuwa kinga yenye ushahidi thabiti, kwa kuwa jeraha lilikuwa wazi na chuma kilikuwa kinaingia mwilini. Iwapo siku moja kiungo hicho kitaambukizwa kweli, tumaini lake litakuwa katika dawa ambazo bakteria hawajazizoea. Anayezimeza kila anapokwenda kusafisha meno anaandaa mwilini mwake bakteria wasiozisikia. Anayepinga kidonge cha kliniki ya meno, kwa hiyo, anailinda sindano ya chumba cha upasuaji.

Sasa kuhusu wachache waliotajwa mwanzoni. Miongozo haisemi kwamba hakuna mtu hata mmoja anayeweza kupewa dawa ya kinga. Aliyewahi kupata maambukizi katika kiungo chake bandia ana sababu ya kuzungumza na daktari wake wa mifupa kabla ya kung'oa jino. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kisukari ambacho sukari yake haijadhibitiwa, anayetumia dawa za saratani au za kudhoofisha kinga baada ya kupandikizwa figo, na anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana. Kijana mwenye selimundu naye aingizwe katika kundi hili, kwa kuwa bandama yake kwa kawaida imeharibika tangu utotoni na mwili wake umepoteza mmoja wa walinzi wa damu. Katika hali hizi daktari wa mifupa, pamoja na daktari anayemtibu ugonjwa wake wa msingi, hupima faida na hasara. Wakiona inafaa, utaratibu mzuri ni kwamba daktari wa mifupa ndiye aandike dawa hiyo, si kumwachia daktari wa meno abebe uamuzi asioufahamu chanzo chake.

Ikiandikwa, dawa hiyo huwa ni dozi moja tu. Kwa amoksisilini mtu mzima hupewa gramu 2, yaani vidonge 4 vya miligramu 500 au 8 vya miligramu 250, kwa pamoja, dakika 30 hadi 60 kabla ya matibabu. Haiendelei kwa siku 5 wala 7. Wengi hukosea hapa kwa sababu wamezoea kuambiwa wamalize dozi, na agizo hilo ni sahihi kwa antibaiotiki ya kutibu. Ya kinga hukoma siku hiyo hiyo.

Upo mkanganyiko mwingine wa hatari ambao lazima uondolewe. Yote yaliyoelezwa hapa yanahusu viungo vya mifupa. Hayahusu valvu za moyo. Mtu aliyewekewa valvu bandia, kwa mfano katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete baada ya valvu zake kuharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, aliyewahi kupata maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, au mwenye aina fulani za kasoro za moyo za kuzaliwa, anaendelea kuhitaji kinga kabla ya matibabu ya meno yanayogusa fizi au mzizi wa jino, kama alivyoelekezwa na daktari wake wa moyo. Mgonjwa wa namna hiyo asiache dawa yake kwa kusoma maelezo yanayomhusu mwenye goti. Na mwenye vyote viwili, valvu bandia na nyonga bandia, afuate maelekezo ya moyo.

Kwa upande mwingine wapo wanaojihesabu katika kundi hili bila sababu. Ajali za bodaboda zimewaacha watu wengi wakiwa na vyuma vilivyounganisha mifupa: vipande vya bapa, misumari ya ndani ya mfupa na skrubu. Vyuma hivyo si viungo bandia, na wenye navyo hawahitaji antibaiotiki ya kinga kabla ya matibabu ya meno.

Inabaki tofauti kati ya kukinga na kutibu. Mgonjwa aliyevimba shavu, mwenye homa, anayeshindwa kufungua kinywa au kumeza, tayari ana maambukizi. Huyo anahitaji usaha utolewe haraka, na daktari akiona umesambaa atampa antibaiotiki kama tiba, awe na nyonga bandia au asiwe nayo. Kinyume chake, jino linalouma bila uvimbe wala homa kwa kawaida haliponi kwa antibaiotiki. Maumivu yake yanatoka kwenye kiini kilichovimba ndani ya kuta ngumu za jino, mahali ambapo dawa hufika kidogo au haifiki kabisa. Jino hilo linahitaji mkono wa daktari. Vidonge huahirisha tu safari, na mwenye kiungo bandia ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuiahirisha.

Kinachomlinda zaidi ni kinywa safi, jambo lisilohitaji cheti. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kusafisha katikati ya meno na kupunguza vitu vya sukari huifanya fizi iwe ukuta usio na nyufa. Anayetumia mswaki wa mti anaweza kuendelea nao mradi afike hadi meno ya nyuma na asiumize fizi. Anayepangiwa kubadilishiwa nyonga au goti ni busara akaguliwe meno wakati bado anasubiri tarehe, ili yaliyooza yang'olewe au kuzibwa mapema. Baada ya upasuaji, matibabu ya meno yasiyo ya dharura madaktari wengi hupendelea yasubiri miezi michache, aghalabu 3, hadi jeraha na mfupa vitulie. Dharura haisubiri.

Mgonjwa anapofika kliniki ya meno aseme mapema kwamba ana nyonga au goti bandia, mwaka aliofanyiwa upasuaji, kama kiungo hicho kiliwahi kuambukizwa, magonjwa mengine aliyonayo, dawa anazotumia na dawa zinazomdhuru. Kadi au karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa hurahisisha mazungumzo hayo. Daktari wa meno akimwambia kwamba hahitaji antibaiotiki, asidhani amenyimwa huduma. Na iwapo wakati wowote, awe ametibiwa meno au la, kiungo chake kitaanza kuuma upya baada ya kutulia, kikavimba, kikawa cha moto au kidonda cha zamani kikatoa majimaji, aende hospitali aliyofanyiwa upasuaji au iliyo karibu yenye daktari wa mifupa, tena kabla ya kumeza antibaiotiki yoyote. Dawa iliyomezwa nyumbani huficha bakteria, na maji yakivutwa kutoka kwenye kiungo maabara hushindwa kutambua ni nani wa kumpiga vita.